Mwanangu ananijibu Kijerumani, bibi yake yuko Bonyokwa, Dar, anasubiri shikamoo. Wazazi mlio nje nisaidieni

MamaWawili_Segerea

Habari zenu wadau. Mi humu huwa napita kusoma tu ila leo nimeona niandike maana roho inaniuma na huku nilipo sina jirani wa kukaa naye kibarazani nikamwambia.

Sisi tulikuwa tunaishi Tabata Segerea mpaka Januari mwaka huu. Mume wangu alipata skolashipu ya PhD huku Leipzig, Ujerumani, basi tukafunga safari wote na watoto, wa kiume ana miaka sita na wa kike ana mitatu. Dada wa kazi tuliagana naye getini analia na mimi nalia, na kusema kweli thamani ya yule binti nimeijua nilipofika huku.

Watu wote nyumbani wananiuliza baridi. Baridi unavaa. Kinachonichosha ni asubuhi yenyewe. Dar mtoto anaamka, uji, sare, viatu, gari la shule linapiga honi, kaenda. Huku tulifika Januari, jua linatoka saa mbili na kitu asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, kwa hiyo unavalisha watoto kwenye giza, fulana ya ndani, soksi ndefu zile za kubana, sweta, suruali, afu ovaroli la baridi juu yake, kofia, skafu, glavu ambayo kidole gumba kimegoma kuingia kwenye nafasi yake, ukishafunga zipu mpaka kidevuni na buti la pili umelivalisha mdogo anakwambia mama mkojo. Unavua vyote. Tramu haisubiri.

Kita nayo, ndo chekechea ya huku, ilinishangaza. Kwetu mtoto unamwacha getini analia, mwalimu anambeba, unaondoka haraka usigeuke nyuma. Hawa hawataki kabisa hivyo, wana utaratibu wanaita Eingewöhnung, unakaa na mtoto darasani siku kadhaa kwenye kikiti kidogo, afu unatoka dakika kumi unarudi, kesho nusu saa, hivyo hivyo mpaka azoee, sisi ilichukua wiki tatu. Mwanzoni niliona wananipotezea muda ila wa kike hakulia hata siku moja baada ya hapo, hilo nawapa heshima yao.

Sasa shida yangu ni huyu mkubwa. Ameanza darasa la kwanza mwezi wa nane. Siku ya kuanza shule huku ni sherehe kweli, mtoto anapewa koni kubwa ya karatasi ndefu karibu kumfikia kifuani imejaa pipi na penseli, bibi yake alikuwa kwenye simu ya video Bonyokwa akapiga vigelegele mpaka wazazi wengine wakageuka. Mtoto alikuwa anacheka, anamwonyesha bibi koni, anaongea Kiswahili vizuri tu.

Afu ikaja ile Ijumaa. Mwalimu aliniambia nimchukue "halb drei". Mi nikasikia nusu na tatu, nikajua ni saa tisa na nusu. Kumbe Wajerumani wakisema halb drei wanamaanisha nusu ya kuelekea tatu, yani saa nane na nusu. Nimechelewa saa zima. Nimefika nimemkuta kakaa peke yake kwenye benchi la korido, jaketi kafunga mpaka juu, begi mgongoni, miguu haifiki chini, kaushika ule mkanda wa begi kwa mikono miwili. Wenzake wote wameshaondoka. Akanitazama akasema "Wo warst du?" Yani ulikuwa wapi. Ndo mara ya kwanza kuniongelesha mimi mama yake Kijerumani, na tangu siku ile hajarudi kwenye Kiswahili. Namuuliza kwa Kiswahili, anaelewa kila kitu, ananijibu Kijerumani.

Na mama yangu, bibi yake, huyu mtoto ndo kamlea. Mi nilikuwa nafanya kazi Posta natoka nyumbani kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, kwa hiyo wiki nzima mtoto alikuwa Bonyokwa kwa bibi. Mama anapiga kila siku kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na tangu walipogeuza saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba kwetu inakuwa saa kumi na mbili jioni, nipo jikoni, wa kike ana njaa, mume hajarudi. Nashika simu nasema haya msalimie bibi. Mtoto anasema "Hallo" anakimbia. Namrudisha, sema shikamoo, anainamisha kichwa hasemi. Mama anasema mwache mwanangu kachoka, ila juzi nimeona kabla hajakata simu amejifuta macho na upande wa kanga. Alidhani kamera imeshazimwa.

Mwalimu mmoja wa kita akaniambia tujitahidi kuongea Kijerumani nyumbani ili watoto washike haraka. Sasa nimlazimishe Kiswahili au nimwache? Na kwa bibi nifanyeje? Mlioishi na watoto nje naomba mnieleze mlivyofanya nyie, sio nadharia.

---

Mama_wa_Altona

Pole mwaya. Hiyo halb imetukuta wote, mi ilinikosesha miadi ya daktari wa watoto.

Niko Hamburg tangu 2014, watoto watatu, wawili wamezaliwa huku. Kwanza hilo la mwalimu wa kita, usimchukie ila usimfuate. Ukiongea nao Kijerumani chako cha miezi kumi utawapa Kijerumani kibovu na Kiswahili utakuwa umewanyima, wamekosa vyote. Mi daktari wa watoto wangu mwenyewe aliniambia ongea lugha ile unayoweza kumbembeleza nayo na kumgombeza nayo bila kufikiria, Kijerumani watakipata shule na kiwanjani, na kweli wamekipata, mkubwa wangu sasa ananisahihisha mimi barua zangu za ofisini.

Pili usimwambie "sikusikii mpaka useme Kiswahili". Nilifanya hivyo na binti yangu wa kwanza nikaharibu, alinyamaza kabisa akawa haniambii mambo ya shule. Kwa huyu wa pili nikabadilisha. Akisema "ich will Wasser" mi namjibu "unataka maji? haya maji yako mezani, chukua kikombe cha bluu". Sikasiriki na sihamii Kijerumani, naendelea na changu. Siku nzima kuanzia saa mbili asubuhi anasikia Kijerumani, ulimi umeshika moto upande huo, akirudi nyumbani hauwezi kugeuka papo hapo. Mpe nusu saa ale kwanza. Utaona jioni akishalala nusu usingizi ndo anatoa Kiswahili.

Na saa mfundishe, maana anachanganywa na mifumo mitatu, ukutani saa inasoma saba na nusu, mwalimu anasema halb acht, yani nusu ya kuelekea nane, wewe unasema saa moja na nusu, mtoto wa miaka sita kichwa kinauma. Mi nilichukua saa ya mishale nikaibandika jikoni nikawaambia mshale mfupi unapoelekea ndo saa ya Kijerumani, ukifuata upande wa pili kabisa wa duara ndo saa ya bibi. Nane ng'ambo yake mbili. Saba ng'ambo yake moja. Wamekaa wanashindana nani anasoma saa ya bibi haraka. Kwangu hilo ndo lilifungua mlango kuliko vitabu vyote nilivyonunua.

Halafu tafuta Waswahili hapo. Leipzig chuo kikuu wanafundisha Kiswahili miaka mingi, kuna wanafunzi Wajerumani wanatafuta mtu wa kukiongea naye, waalike chai na chapati Jumamosi. Mtoto akimwona Mjerumani mzima anahangaika kusema "nimeshiba" atakipenda mwenyewe. Huku kwetu Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010 kwa hiyo shughuli za kukutana hazikosekani, mkipata tiketi za treni za bei nafuu njooni.

---

Kijana_Sinza

Mi natofautiana kidogo. Mwacheni mtoto ashike lugha ya huko kwanza, ndo anayopimiwa shuleni. Kiswahili atakuja kukipata akirudi, damu haipotei. Dada yangu yuko Uingereza watoto wake hawajui hata habari gani na wanaendelea vizuri tu na masomo. Mi naogopa mkimchanganya lugha mbili atabaki nyuma ya wenzake.

---

BabaPacha_Kimara

Kijana naomba nikujibu kwa heshima kabisa, maana mi nilifikiri kama wewe na najutia.

Tulikaa Bergen, Norway, miaka minne, tumerudi Kimara 2021. Watoto wangu ni mapacha, walienda wana miaka mitatu. Mi na mama yao tulisema wacha washike Kinorwe kwanza. Wakakishika kweli kweli. Ila wa kwanza kuumia hawakuwa watoto, alikuwa baba yangu. Aliumwa tukiwa kule, tukawa tunampigia simu ya video, babu anauliza wajukuu zangu mmekula nini leo, wao wananitazama mimi usoni niwatafsirie. Mzee akawa anaongea nao kwa ishara, anavuta masikio, anatoa ulimi, wanacheka, basi. Alifariki tukiwa hatujarudi. Kuna mambo alitaka kuwaambia yakapita kwangu, na mi nilipokuwa natafsiri nilikuwa nakata maneno kwa sababu sikuweza kuyasema bila kulia.

Kuhusu kukipata wakirudi ni kweli wanakipata, wetu mtaani iliwachukua kama miezi minne wakawa wanabishana mpira na wenzao. Ila hiyo miezi minne mtoto wa kike alikuwa hatoki nje, wenzake walikuwa wanamcheka anavyosema "mimi nataka enda". Kwa hiyo usiseme damu haipotei, mtoto anaipitia.

Mama wawili, mi nataka kusema la upande mwingine. Umeandika uko jikoni, mdogo ana njaa, mume hajarudi, simu inaita. Kaa na mumeo muongee. Huku Dar mi nilikuwa narudi nakuta kila kitu tayari, dada kaogesha watoto, mama kapika. Kule ilibidi nijifunze kusuka nywele za binti yangu, mistari miwili tu mpaka leo ndo ninayoiweza, na chakula cha kubeba shule nilikuwa nafunga mimi, mikate mikavu na jibini maana kule hawapashi chakula, watoto walikigomea wiki ya kwanza wanataka wali. Siku mbili kwa wiki mi ndo nilikuwa nawahi kurudi. PhD ni ngumu najua, ila saa kumi na mbili jioni mara mbili kwa wiki inawezekana, na akikaa yeye na mtoto kwenye simu ya bibi wewe ukaoga tu ukapumzika, hata wewe sauti yako itakuwa nyingine.

---

Kijana_Sinza

Pole sana kaka kwa mzee. Sikuwa na maana mbaya, nilikuwa naangalia shule tu. Nimekuelewa.

---

BibiZuhura_Temeke

Mwanangu mama wawili, hujambo. Mimi nina miaka 63 natumia simu ya mjukuu wangu aliye hapa nyumbani naandika polepole mnisamehe. Nina wajukuu wawili wako Kanada, Edmonton, wana miaka saba sasa tangu waondoke, kwa hiyo mimi ndiye yule bibi wa upande wa pili wa simu.

Nikuambie kitu ambacho mama yako hatakuambia. Ile dakika mtoto anasukumwa mbele ya simu aseme shikamoo, bibi naye anaona aibu. Mimi nilikuwa nikiwaona wajukuu wangu wanavutwa mkono najisikia kama mgeni ambaye watoto wameamshwa usingizini waje wamsalimie. Shikamoo ya kuvutwa haina utamu. Nikawa napiga simu huku moyo unadunda, nikijiuliza leo watanikimbia au watakaa.

Siku moja mkwe wangu alipiga bila kupanga mimi niko uani nachambua maharage. Nikamwambia subiri nimalize, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari nikaendelea na kazi yangu. Yule mdogo akaja akakaa anatazama. Kimya. Baadaye akauliza kile unatupa ni nini, kwa Kiingereza chake, nikamjibu kwa Kiswahili changu, hii ni jiwe, hii imetobolewa na mdudu, hii nzuri. Akawa ananiambia "hiyo jiwe bibi, hiyo jiwe!" kila nikiokota. Tumekaa hivyo mpaka maharage yakaisha. Sikumwomba shikamoo. Wiki ya tatu aliitoa mwenyewe.

Mtoto wa miaka sita hana la kuzungumza na mtu mzima kwenye simu. Hata hapa Temeke mjukuu wangu haji kukaa tuzungumze, anakuja kwa sababu natwanga au nakaanga kitu. Basi mwambie mama yako asipige akiwa amekaa kwenye kochi amejipanga. Apige akiwa na kazi mkononi. Na asipige saa yenu ya njaa, mchague saa nyingine hata kama si kila siku, siku mbili zenye utulivu zinatosha kuliko saba za kukimbizana.

Vitendawili pia. Nyumba yangu haina mlango. Mwache afikirie wiki nzima, asipewe jibu na mama yake, atamtafuta bibi mwenyewe.

Na mwambie mama yako kwamba ulimwona akijifuta. Msifichane. Mimi nilificha miaka miwili na mwanangu alificha miaka miwili, kila mmoja anajidai hali ni nzuri.

---

MamaWawili_Segerea

Shikamoo mama. Nimeisoma mara tatu na mara ya tatu nimeisoma kwa sauti mume wangu akiwa amekaa hapa. Asanteni wote, baba pacha pole sana, mume amesema Jumanne na Alhamisi atawahi, tumeandika kwenye kalenda ya friji.

Usiku ule ule nilimpigia mama nikamwambia nilimwona. Akanyamaza kidogo afu akasema "nilijua umeniona". Tukalia wote, afu tukaongea saa nzima hatujaongea hivyo tangu tuondoke.

Sasa leo Jumapili. Huku Jumapili maduka yote yamefungwa na jengo zima kimya, huwa ndo siku ninayoichukia. Nilikuwa nimepata kisamvu cha kuganda kwa Mkongo mmoja hapa mjini, wao wanaita pondu, nikakiweka jikoni na karanga. Saa nane ya huku, saa kumi ya Bonyokwa, nikapiga, nikaweka simu mezani nikaiegemeza kwenye pakiti ya unga, nikaendelea na sufuria yangu sijamwita mtu. Mama alikuwa amekaa uani chini ya ule muembe na ungo mapajani anapeta mchele. Tulikuwa tumeshapanga.

Mkubwa alikuwa anachora sakafuni. Akasikia ile sauti ya mchele kwenye ungo, shaa, shaa. Akainua kichwa. Akasogea. Akasimama nyuma ya kiti changu kama dakika tano hivi hasemi kitu. Afu akauliza "Bibi, was ist das?" huku ananyoosha kidole. Mama hajui neno moja la Kijerumani ila alielewa kidole, akasema "huu ungo. Hukumbuki? Ulikuwa unaukalia ukiwa mdogo nakugombeza". Akasema "ungo". Akakimbia kabatini akatoa sinia, akaniomba mchele nikampa kikombe kimoja, akaanza kurusha na yeye. Mchele umemwagika sakafu nzima, wa kike akaja kuokota mmoja mmoja anaweka mdomoni. Mama anamwelekeza kutokea Bonyokwa, "inua mbele kidogo, mbele, usirushe kwa nguvu, acha upepo ufanye kazi". Na mtoto anajibu "hivi? hivi bibi?"

Hivi bibi. Miezi miwili na nusu sijaisikia. Niligeukia jiko nikawa nakoroga kisamvu ambacho kilikuwa hakihitaji kukorogwa.

Shikamoo hajasema na sikumuuliza. Wakati wa kuagana mama akamtegea, nyumba yangu haina mlango, mtoto akasema "garaji", mama akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani, akamwambia fikiria mpaka Jumapili. Sasa hivi ameketi chini ya saa ya jikoni, ile nimeibandika kama mama wa Altona alivyosema, anahesabu kwa kidole nane ng'ambo yake ngapi, kaniambia Jumapili tupige saa kumi ya bibi sio saa kumi ya huku.

Kuna shemeji yetu anakuja mwezi wa kumi na mbili kutoka Dar. Mama kasema atampa ungo mdogo wa mtoto kutoka Kariakoo. Wenye uzoefu, unapita kwenye begi bila kuvunjika?

---

Mama_wa_Altona

Unapita. Wangu nilikuja nao 2019, niliuzungushia kanga mbili nikauweka katikati ya nguo, sio chini kabisa ya begi maana huko ndo wanakokandamizia. Ulifika mzima. Mwambie mama aweke na mwiko, wa huku vipini vyake vifupi.